Zimebaki wiki tano, na mbio zangu ndefu kuliko zote ni kilomita 16: je, nikimbie marathoni?

“Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina uzito wa kilo 70 na ninafanya kazi ya kukaa ofisini Dar es Salaam. Septemba mwaka jana nilijiandikisha kukimbia Kilimanjaro Marathon pamoja na wenzangu wa kikundi chetu cha jogingi, nikachagua kilomita 42 ingawa sijawahi kushiriki mbio zinazozidi kilomita 10. Nilianza mazoezi vizuri, na mwishoni mwa Novemba nilikimbia kilomita 16 bila kusimama. Katikati ya Desemba nikaugua malaria, nikalazwa siku mbili na kukaa karibu wiki tatu bila mazoezi. Sasa nimerudi, nakimbia mara mbili kwa wiki, kilomita sita hadi nane, na mara moja nilifika 12. Tangu nirudi, muundi wa mguu wa kushoto unauma mahali pamoja kwa upande wa ndani. Nikipabonyeza kwa kidole panauma, na asubuhi nikishuka kitandani nachechemea kidogo. Zimebaki wiki tano. Wenzangu wanasema aliyeweza 16 ataweza 42 kwa sababu kinachobaki ni akili tu, nimeze dawa ya maumivu ya diklofenaki asubuhi ya mbio, ninywe maji mengi kila kituo, na wananikumbusha mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari alivyomaliza marathoni ya Olimpiki akiwa ameumia. Isitoshe, nimeshachangisha fedha kwa ndugu na wafanyakazi wenzangu kwa ajili ya madawati ya shule niliyosoma, na naona aibu kujitoa. Nikimbie au nisikimbie?”

Marahaba, dada yangu. Nakushukuru kwa kuniandikia kwa kirefu, kwa sababu katika maelezo yako umeweka mambo mawili madogo ambayo mtu mwenye haraka angeyaacha, nayo ndiyo yanayoamua jibu langu: pale mahali pamoja panapouma kwenye muundi, na ile malaria ya Desemba. Nitaanza na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi. Kwa hali uliyonieleza, sikushauri ukimbie kilomita 42 safari hii. Kuhusu kilomita 21, jibu linategemea muundi wako, na muundi huo nataka uchunguzwe na mtu kwa mikono yake kabla hujakimbia tena hata kilomita moja. Yanayofuata ni sababu zangu, na pia njia zilizobaki wazi, ambazo ni nyingi kuliko unavyodhani.

Maumivu ya muundi kwa mkimbiaji anayeanza ni ya kawaida sana, na mara nyingi si ya kuogopesha. Ile aina ya kawaida husambaa kwenye ukingo wa ndani wa mfupa, kwa urefu wa vidole vinne au zaidi. Huuma unapoanza kukimbia, hupungua mwili ukishapata joto, na hutulia kwa kupunguza mazoezi wiki chache. Aina ya pili ni ufa mdogo wa mfupa unaotokana na mzigo unaorudiwarudiwa, na dalili yake kubwa ni ile uliyoitaja bila kuijua: maumivu yanayoweza kuelekezwa kwa ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kadiri unavyoendelea kukimbia, na hatimaye yanayokufuata ukitembea au ukiwa umelala. Kuchechemea asubuhi kunaweza kutokea katika aina zote mbili, kwa hiyo sitakutangazia ufa kwa barua. Nasema tu kwamba mahali pamoja panapouma ukipabonyeza, kwa mtu aliyepumzika wiki tatu akarudi barabarani, ni jambo la kupimwa wiki hii na si baada ya mbio.

Ili uelewe kwa nini nashikilia jambo hili, inafaa ujue mfupa unavyojiimarisha. Mfupa ni kitu hai. Ukiupa mzigo ambao haukuuzoea, mwili kwanza hutuma seli zinazokwangua na kuondoa sehemu zilizochoka, kisha ndipo huleta seli za kujenga upya, na ujenzi ni wa taratibu mno ukilinganishwa na ukwanguaji. Duru nzima huchukua miezi mitatu hadi minne. Katikati yake kuna kipindi ambacho mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza mazoezi, kama nyumba iliyobomolewa ukuta ili ujengwe mwingine. Ukiongeza mzigo katika kipindi hicho, ule ukuta ambao haujakauka ndio unaopasuka. Kano zinazounganisha misuli na mifupa nazo huchukua miezi kukomaa. Moyo na mapafu, kwa upande mwingine, hubadilika upesi. Ndani ya wiki chache tu mtu huanza kuona kwamba hahemi tena kama mwanzo. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo mtego mkubwa wa mkimbiaji mpya: pumzi inamwambia yuko tayari, na mifupa yake bado iko kwenye ujenzi. Nimewaona wengi waliokuja kliniki wakishangaa kuumia wakati ambao walikuwa wanajisikia vizuri kuliko siku zote.

Sasa nije kwenye kauli ya wenzako kwamba aliyeweza 16 ataweza 42. Sitaki kuidharau, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Watu wengi waliofanya mazoezi machache humaliza marathoni. Nimesimama kwenye mahema ya huduma ya kwanza karibu na mstari wa kumalizia, na nimewaona wakifika wakitembea, wakilia, wakikumbatiwa na ndugu zao, na sitasema furaha yao ilikuwa ya uongo. Huenda nawe ungefika. Swali la kujiuliza ni ungefika kwa gharama gani, na gharama hiyo haionekani siku ya mbio. Huonekana Jumatano inayofuata mtu anaposhindwa kushuka ngazi za ofisi, au mwezi wa pili anapokuwa hajakimbia hata mara moja kwa sababu ya goti, au anapoamua moja kwa moja kwamba kukimbia si kwa watu kama yeye. Hao wa mwisho ndio wanaonihuzunisha zaidi.

Kinachoufanya mwendo wa 42 usiwe 21 mbili zilizoungwa ni nishati. Kwa makadirio ya jumla, mtu hutumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita anayokimbia. Kwa kilo zako 70, marathoni nzima ni kama kilokalori 2,900. Mwili huweka sukari ya akiba, iitwayo glaikojeni, ndani ya misuli na ini, na akiba hiyo kwa mtu wa kawaida ni gramu 400 hadi 500, yaani kama kilokalori 1,600 hadi 2,000 tu. Pengo linalobaki linazibwa na mafuta ya mwilini, ambayo hata mtu mwembamba anayo tele, lakini mafuta huungua polepole na huhitaji oksijeni nyingi zaidi. Mazoezi ya miezi mingi, hasa zile mbio ndefu za taratibu, huufundisha mwili kutumia mafuta mapema na kuitunza sukari. Mwili ambao haujafundishwa huimaliza sukari mapema, na mahali fulani kati ya kilomita ya 28 na ya 35 miguu hugeuka mizito ghafla, mawazo hupotea, na kilomita moja huanza kuwa kama safari. Wakimbiaji huita hali hiyo kugonga ukuta. Akili ina nafasi yake katika mbio, sikatai, lakini ubongo wenyewe hula sukari ileile iliyokwisha, kwa hiyo kumwambia mtu aliye kwenye ukuta kwamba tatizo ni akili ni sawa na kumlaumu dereva kwa sababu tangi ni tupu.

Na hapo sijagusa misuli. Marathoni kwa mwendo wako ni zaidi ya hatua 40,000, na kila mguu unapotua hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi kama breki, ikirefuka huku imekaza, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoichanachana nyuzi zake. Misuli iliyozoeshwa hustahimili. Isiyozoeshwa huvunjika kwa wingi, na mabaki yake hupita kwenye figo.

Hebu tupige hesabu ya wiki tano zilizobaki, kwa sababu najua wapo watakaokuambia kwamba muda bado upo. Mipango mingi ya mbio za kwanza humfikisha mkimbiaji kwenye mazoezi ya kilomita 28 hadi 32 angalau mara moja au mbili. Zoezi hilo la mwisho hufanywa wiki tatu kabla ya mbio, kwa kuwa mwili huhitaji siku nyingi kugeuza uchovu kuwa nguvu, na kinachofanywa baada ya hapo humwongezea mtu uchovu tu. Ukitoa wiki hizo tatu, umebaki na mbili. Kutoka kilomita 12 za sasa, kwa kupanda kwa busara, wiki mbili zitakufikisha 14, kisha labda 16, pale ulipokuwa Novemba. Kutoka 16 kwenda 42 ni kilomita 26 ambazo miguu yako haijawahi kuzionja, nawe ungezionja kwa mara ya kwanza siku ambayo hakuna ruhusa ya kurudi nyumbani ukichoka. Hatari kubwa zaidi ni kujaribu kufidia, yaani kulazimisha kilomita 25 wikendi hii ili moyo utulie. Tafadhali usifanye hivyo. Zoezi moja kubwa halijazi miezi mitatu iliyopotea, na kwa muundi wako linaweza kuugeuza ufa wa unywele kuwa mvunjiko kamili.

Malaria nayo usiichukulie kama jambo lililopita. Vimelea vyake huharibu chembe nyekundu za damu, na baada ya kupona inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla damu hairudi katika kiwango chake, hasa kwa mwanamke ambaye kila mwezi hupoteza nyingine kwa hedhi. Ukikimbia ukiwa na upungufu wa damu, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kufanya kazi ileile. Kipimo cha wingi wa damu ni cha bei nafuu na hufanyika karibu kila kituo cha afya, kipime. Wakati huohuo mweleze daktari kama hedhi yako imebadilika au imekatika tangu uanze mazoezi, au kama ulikuwa unapunguza chakula ili upunguze uzito, kwa kuwa mwili unaokosa chakula cha kutosha huacha kujenga mifupa, na hilo linahusiana moja kwa moja na muundi wako. Na kama katika ukoo wenu kuna seli mundu na hujui kama umebeba kinasaba chake, mwambie pia. Wanaokibeba kwa kawaida wako salama, lakini katika joto kali na jitihada ya ghafla wanahitaji tahadhari zaidi.

Ushauri wa diklofenaki ndio ulionitia hofu kuliko wote. Najua dawa hiyo inauzwa kila duka la dawa na watu huimeza kama peremende. Katika mbio ndefu, damu nyingi huenda kwenye misuli na ngozi, na figo hubaki zikitegemea kemikali fulani za mwili ili mishipa yao ibaki wazi. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzuia kemikali hizohizo. Kwa hiyo unazinyima figo damu siku ileile unayozimwagia mabaki ya misuli iliyovunjika. Dawa hizo pia huzifanya figo zishikilie maji, jambo ambalo nitalieleza hivi punde. Zaidi ya yote, kwa mguu kama wako, kidonge hicho kingeficha maumivu ambayo ndiyo mlinzi pekee aliyebaki kuukinga mfupa.

Kuhusu maji, wengi wetu tulifundishwa kwamba mkimbiaji anywe kabla hajasikia kiu na asipite kituo bila kunywa. Ushauri huo umebadilika. Mtu akinywa maji mengi kuliko anayopoteza kwa jasho, chumvi ya sodiamu katika damu huzimuliwa, maji huingia kwenye seli, na ubongo huvimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Uchunguzi wa wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba 13 katika kila 100 walifika mwisho wakiwa na sodiamu pungufu, na miongoni mwa waliokuwa katika hatari zaidi ni walioongezeka uzito wakati wa mbio na waliotumia zaidi ya saa nne. Zingatia hapo: wa mwendo wa taratibu, si wa mbele, kwa sababu wana muda mwingi wa kunywa na hawatoki jasho kwa kasi. Wewe ungekuwa kati yao. Kunywa unaposikia kiu, na usione vibaya kukipita kituo usipoisikia.

Na sasa Akhwari. Ninampenda kama Mtanzania yeyote anavyompenda, na picha yake akiingia uwanjani Mexico City mwaka 1968 akiwa na bandeji mguuni, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, hunigusa kila niionapo. Lakini tuisome habari yake kwa ukamilifu. Alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa miaka mingi, na ajali ilimkuta njiani. Hakwenda Mexico akiwa na mguu unaouma wala mazoezi ya kilomita 16. Hata akiwa ameumia alimaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, muda ambao wakimbiaji wengi wazima wa vikundi vyetu hawajawahi kuufikia. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, alikuwa wa tano kwenye marathoni. Uvumilivu wake ulisimama juu ya msingi mpana wa maandalizi, na kumtumia kumshawishi mtu asiyejiandaa ni kumkosea heshima mzee huyo.

Nisikuache na hofu kubwa kuliko ukweli. Kufa mbioni ni jambo la nadra sana. Katika marathoni na nusu marathoni za Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2010, wakimbiaji milioni 10.9 walishiriki na mioyo 59 ilisimama, kwa hiyo ni kama mmoja kati ya watu 184,000. Wengi wa waliopatwa walikuwa na ugonjwa wa moyo uliojificha. Kama umewahi kuzimia au kubanwa kifua ukiwa unakimbia, au kama katika familia yenu kuna aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, hilo lipeleke kwa daktari kabla ya mbio za umbali wowote. Usipokuwa na historia hiyo, ninachokihofia kwako si moyo. Ni mfupa, figo na joto.

Tuzitazame basi njia zilizobaki. Kama uchunguzi utaonyesha muundi hauna ufa na wingi wa damu ni mzuri, unaweza kuwaomba waandaaji wakuhamishie kwenye kilomita 21, na uwaandikie sasa, kwa sababu mabadiliko ya namna hiyo huwa magumu kadiri siku zinavyokaribia. Usidhani, hata hivyo, kwamba 21 za Moshi, mji zinakofanyika mbio hizo, ni nyepesi. Mji wenyewe hauko juu sana, uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na anayetoka Dar es Salaam hatapata shida kubwa ya hewa. Huenda hata akafurahia asubuhi isiyo na fukuto la pwani. Kinachowatesa watu ni mpando wa kuelekea Mweka, upande wa mlimani, na baada yake mteremko, ambao watu huusubiri kama zawadi na ambao kwa kweli ndio unaoyamaliza mapaja na kuugonga muundi. Ukienda, panda kwa kutembea na shuka kwa hatua fupi. Tangu kilomita ya kwanza, kabla hujachoka, kimbia dakika tatu na utembee moja. Kutembea kwa mpango hupunguza mshtuko kwenye mifupa na kuitunza sukari. Kutembea kwa sababu umeshindwa hakufanyi hivyo, kwani kumechelewa.

Kama uchunguzi utaonyesha ufa, au hata ukiacha shaka, basi hakuna 42 wala 21. Mfupa wa muundi uliopasuka kidogo, ukigunduliwa mapema, kwa kawaida hupona kwa kupumzishwa wiki sita hadi nane, mara nyingi bila kufungwa plasta. Ukiukimbilia, tunazungumzia miezi, magongo, na wakati mwingine upasuaji. Ukipimwa, kumbuka kwamba picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa mdogo. Eksirei safi isikufanye ukimbie kama kidole bado kinapata mahali panapouma. Muulize daktari kuhusu kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na kama hakipatikani au ni ghali, upumzishe mguu huo kana kwamba una ufa, kisha upigwe eksirei nyingine baada ya wiki mbili au tatu.

Umeniuliza pia, ingawa kwa sentensi moja, kuhusu aibu ya michango. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa kwa sababu nadhani ndiyo nzito kuliko zote. Ndugu na wafanyakazi wenzako walitoa fedha kwa ajili ya madawati. Watoto watakalia madawati hayo vilevile, uwe umekimbia 42, 21 au umesimama kando ya barabara ukiwagawia wenzako maji. Waandikie mapema, kwa maneno machache yasiyo na kujitetea: kwamba uliugua malaria, kwamba daktari amekuzuia umbali ule kwa sasa, kwamba fedha zote zimeenda au zitaenda shuleni, na utawatumia picha za madawati yakifika. Katika miaka yangu yote ya kuwashauri wakimbiaji, sijamsikia hata mmoja aliyerudishiwa lawama kwa ujumbe wa namna hiyo. Na safari ya Moshi usiifute. Nenda na wenzako, simama mahali ambapo umati umepungua na wakimbiaji wameanza kuinamisha vichwa, uwaite kwa majina yao. Hiyo nayo ni kazi.

Inawezekana kwamba baada ya haya yote, muundi ukiwa umethibitishwa kuwa mzima, bado utataka kusimama kwenye mstari wa 42. Ni mwili wako na uamuzi ni wako. Nami napendelea uende ukiwa na maelezo yangu kuliko bila. Basi panga na mwenzako kabla ya siku hiyo mahali ambapo utatoka, kwa mfano ukifika nusu ya njia ukiwa na maumivu ya mahali pamoja, na umpe yeye neno la mwisho, kwa sababu wewe mwenyewe kwenye kilomita ya 25 hutakuwa hakimu mzuri. Ulizia muda wa mwisho unaoruhusiwa njiani. Kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa tangu mwanzo, kwa kipimo kinachoeleweka ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25, na ujaribu chakula hicho mazoezini kwanza. Usivae viatu vipya. Usimeze kidonge chochote cha maumivu.

Siku hiyo, kwa umbali wowote, simama mara moja ukibanwa kifua, ukisikia kizunguzungu kisichoisha, ukianza kuchechemea, au jasho likikatika huku joto la mwili likizidi. Mwenzako akianza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka, msimpe maji kwa nguvu na msimkimbize kwenye gari kwanza: mpelekeni kivulini, mmwagieni maji baridi mwili mzima, mpepeeni, wekeni barafu kama ipo, huku mkiita wauguzi. Aliyepatwa na kiharusi cha joto huokolewa na dakika za mwanzo za kupozwa. Baada ya mbio, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, au ukiwa haba kabisa huku misuli ikiuma kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Nenda hospitali pia kwa kichwa kinachouma sana pamoja na kutapika au kuchanganyikiwa saa chache baada ya kumaliza, na uwaambie umekunywa maji kiasi gani, ili wasianze kukutundikia dripu kabla hawajapima sodiamu.

Kuhusu marathoni yenyewe, naomba uihamishe, usiifute. Dodoma huwa na mbio za kilomita 42 mwezi Julai, wakati wa kipupwe. Mguu ukiruhusiwa kurudi barabarani kufikia mwisho wa Machi, sidhani kama hata Julai itakutosha kwa umbali kamili, na ningependa uitumie kwa kilomita 21, kisha 42 iwe Moshi ya mwakani, ukiwa na mwaka mzima nyuma yako: mara tatu au nne kwa wiki, moja kati ya hizo ndefu na ya taratibu kiasi cha kuweza kuzungumza, na kila wiki ya nne uipunguze ili mifupa ipate nafasi ya kumaliza ujenzi wake. Masika yatakukatiza siku kadhaa. Siku hizo zisikuumize roho.

Wiki hii, basi, usikimbie. Tembea, ogelea kama una mahali pa kuogelea, au endesha baiskeli ya kusimama kama haikuumizi. Tafuta daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia akubonyeze muundi huo, pima wingi wa damu, kisha niandikie ukiwa na majibu yote mawili, nami nitakupangia wiki nne za kurudi kulingana na yatakavyosema.